"Ninawe kwa maji yapi?"

Dada yangu alinipigia simu usiku. Mwanawe wa mwaka mmoja alikuwa anaharisha siku ya pili. Nikaanza kumhubiria, kama kawaida yetu sisi tulioko ughaibuni: umenawa kwa sabuni kabla ya kumlisha? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, ninawe kwa maji yapi? Ndoo ni hii moja, ya kunywa, ya kupikia na ya kuogesha watoto."

Sikuwa na jibu. Nyuma yangu bomba la jikoni lilikuwa linamwaga maji, nimesahau kulifunga.

Nimeishi huku miaka ya kutosha kujua kwamba wenyeji hawatuzidi usafi. Wanatuzidi mabomba. Mama wa huku akishabadilisha nepi, sinki liko hatua mbili, na uchafu wote unakwenda kwenye mitambo ya majitaka ambayo hajawahi kuiona. Siku akichoka akasahau kunawa, bado maji anayokunywa mtoto ni salama. Kule kwetu mama akisahau mara moja tu, mtoto anaweza kuugua.

Na huku nako hakukuzaliwa na mabomba. Mwaka 1854, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 kuzunguka mtaa wa Broad Street, London. Daktari John Snow alifuatilia vifo nyumba kwa nyumba hadi kwenye pampu moja ya maji, na mpini wake ukang'olewa. Baadaye ikabainika kwamba mama mmoja alikuwa amefua nepi za mtoto wake mchanga aliyekuwa anaharisha, akamwaga maji yale kwenye shimo la uchafu lililokuwa karibu mno na kisima. Namfikiria sana mama yule. Alimwaga mahali pekee alipokuwa napo. Mwaka 1858 uvundo wa mto Thames ulipowafikia wabunge ndani ya bunge lao, ndipo fedha za mifereji mikuu ya majitaka zikapatikana. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866, kilishambulia zaidi mashariki mwa jiji, ambako mifereji mipya ilikuwa bado haijakamilika.

Ndiyo maana nakereka nikiona bango la "Nawa mikono" limebandikwa kwenye shule isiyo na tone la maji. Hapo mtoto anafundishwa kujilaumu.

Lakini elimu yenyewe siidharau, maana iko inayookoa hata kwa ndoo moja. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara, kikatupwa nyuma ya nyumba. Kina vimelea vilevile, kiende chooni. Maji yaliyochemshwa yakachotwa kwa kikombe kilichoshikwa na mikono mitano yameshachafuka tena. Bora chombo chenye mfuniko na koki, au kata yenye mpini mrefu. Na mtoto akiharisha, kinachomuua haraka ni kuishiwa maji na chumvi mwilini. Apewe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, iliyochanganywa kwa maji safi, zinki kwa siku 10 hadi 14, aendelee kunyonya na kula. Akilegea, macho yakadidimia au choo kikiwa na damu, apelekwe kituo cha afya bila kungoja kesho.

Haya nilimweleza dada taratibu safari hii, bila kuhubiri. Tukaongea pia kuhusu kibuyu chirizi: dumu dogo lililotobolewa tundu, kamba, na kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Maji yanachirizika kidogo kidogo, na mkono mchafu haugusi dumu.

Mtoto alipona. Baada ya siku chache dada akanitumia picha: dumu linaning'inia kando ya choo, kipande cha sabuni kimefungwa kwa uzi, na mwanawe mkubwa kainua mguu kukanyaga kijiti. Chini ya picha ameandika, "Linatosha siku moja. Kesho naamka saa kumi alfajiri kupanga foleni."

Bado sijajua nimjibu nini.