Rangi za Nebula na Mipaka ya Uhuru wa Mpigapicha wa Anga

Mtu anayeitazama nebula ya Orion, wingu kubwa la gesi na vumbi angani, kwa mara ya kwanza kupitia darubini ndogo huona ukungu wa kijivu, pengine wenye dalili hafifu ya kijani, ilhali picha za nebula hiyohiyo zilizopigwa na wapigapicha wa ridhaa zimejaa waridi, wekundu na buluu. Tofauti hiyo imezaa lawama inayorudiwa mara kwa mara, kwamba picha hizo zimepakwa rangi na kwa hiyo ni za uongo. Wapigapicha nao hujibu kwamba kamera huona yale ambayo jicho haliwezi kuyaona. Kila upande una sehemu ya ukweli, lakini naona mpaka kati ya halali na isiyo halali umechorwa mahali pasipo pake.

Tuanze na jicho, kwa kuwa ndilo linalofanywa hakimu. Seli za jicho zinazotuwezesha kuona gizani hazitambui rangi, na wepesi wao wa kuhisi mwanga hufikia kilele karibu na nanomita 507, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga ambacho ndicho huamua rangi yake. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hutoa mwanga wake mkali zaidi kwenye nanomita 500.7, jirani kabisa na kilele hicho, wakati mwanga mwekundu wa hidrojeni, wenye nanomita 656.3, haugusi seli hizo ila kwa shida. Ndiyo maana mtazamaji huona kijani kidogo na kuukosa wekundu ambao kwa hakika upo. Rangi hizi ni alama za atomu, wala hazikuletwa na programu ya kompyuta. Mwanaastronomia William Huggins alipouchanganua mwanga wa nebula mwaka 1864 alikuta mstari wa kijani, yaani mwanga wa urefu mmoja tu wa wimbi, usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana, hata ikadhaniwa kuna dutu mpya iliyoitwa nebuliamu. Ilichukua hadi mwaka 1927 kwa mwanafizikia Ira Bowen kuonyesha kwamba ilikuwa oksijeni ileile, katika hali ya wembamba wa gesi usiopatikana kwa urahisi duniani.

Kwa hiyo anayesema picha ni ya uongo kwa sababu jicho halikuona hivyo amechagua shahidi dhaifu. Hata hivyo, wale wanaojivunia kupiga picha za rangi halisi nao hawajaepuka kuchagua. Katika kihisi cha kamera ya kawaida ya rangi, nusu ya pikseli huwa na kichujio cha kijani, robo chekundu na robo cha buluu. Mbele ya kihisi hicho mtengenezaji huweka kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga wa hidrojeni, na wapenzi wengi wa nebula hukiondoa, jambo linalobadilisha uwiano wa rangi zote. Baada ya kuunganisha mamia ya picha, mpigapicha hupandisha mwangaza wa sehemu hafifu mara nyingi kuliko ule wa sehemu zinazong'aa, kisha hukoleza rangi kwa kadiri anayoiona inafaa. Kinachoipa njia hii uzito ni kwamba ina kipimo cha nje: programu kama Siril, ambayo hupatikana bure, huweza kulinganisha nyota zilizomo kwenye picha na rangi zao zilizopimwa katika orodha za nyota, kisha kusawazisha picha nzima kwa msingi huo. Mpigapicha anaweza kukosea, na mwingine akaweza kumwonyesha kwamba amekosea.

Kwa baadhi ya vitu vya angani, njia hiyo ndiyo pekee yenye maana. Vumbi linalozunguka nyota za Kilimia, kundi ambalo wakulima wetu walilitumia kujua majira, halitoi mwanga wake lenyewe; hutawanya mwanga wa nyota, hasa ule wa buluu. Kulipiga kwa vichujio vinavyopitisha mstari mmoja tu wa hidrojeni au oksijeni ni sawa na kulifuta.

Ugomvi wenyewe, hata hivyo, hauko Kilimia. Uko kwenye mpango wa rangi ulioenezwa na Hubble, darubini inayoizunguka dunia angani. Tarehe 1 Aprili 1995 wanaastronomia Jeff Hester na Paul Scowen waliitumia kupiga sehemu ya nebula ya Tai, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 6,500, na nguzo zile za gesi na vumbi zikawa miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi katika astronomia. Mwanga wa salfa ulipewa rangi nyekundu, wa hidrojeni kijani, na wa oksijeni buluu. Kwa jicho lolote, salfa kwenye nanomita 672 na hidrojeni kwenye 656 zote ni nyekundu na haziwezi kutenganishwa; kwa mpango huu zinatengana, na mtazamaji anaona mahali ambapo nyota za joto kali zimeinyang'anya oksijeni elektroni mbili na mahali ambapo mionzi imefifia kiasi cha kuacha salfa ing'ae kwenye kingo. Atlasi ya shule hupaka kijani nyanda za chini hata pale penye ukame wa kudumu, na hakuna mwanafunzi anayelalamika kwamba amedanganywa, kwa sababu ufunguo wa ramani umechapwa pembeni.

Mpango huu una pia sababu ya lazima. Anayeishi katikati ya Nairobi au Dar es Salaam hawezi kuzima taa za jiji, lakini kichujio kinachopitisha ukanda wa mwanga wenye upana wa nanomita 3 tu hukata sehemu kubwa mno ya mwanga huo na kuiacha hidrojeni ipite. Kumwambia mtu huyo kwamba picha halali ni ile ya anga ya giza pekee ni kumfungia mlango.

Hadi hapo nipo upande wa wanaoutumia mpango huu. Ninapoachana nao ni pale wanapoazima hoja ya kisayansi kuitetea kazi iliyokwisha kuiacha sayansi nyuma. Katika nebula nyingi hidrojeni huzidi kwa mbali, hivyo mpango wa Hubble ukifuatwa kwa uaminifu hutoa picha iliyotawaliwa na kijani. Wapigapicha wengi hawaipendi. Huipandisha salfa na oksijeni kila moja kwa kiwango chake, huondoa kijani, kisha huzungusha rangi hadi hidrojeni iwe ya dhahabu. Matokeo yanaweza kuwa mazuri mno, na sioni ubaya katika uzuri huo, lakini dhahabu ile sasa haisemi kama ni hidrojeni, salfa au mchanganyiko wa zote mbili. Ufunguo wa ramani umepotea. Hali ni nzito zaidi kwa anayetumia kichujio kinachopitisha hidrojeni na oksijeni tu, akaunda picha ya tatu, ya kuwakilisha rangi iliyobaki, kwa kuchanganya hizo mbili, na kuieleza picha kuwa ni ya mpango wa Hubble. Salfa haimo kabisa.

Wapo watakaosema kwamba maelezo ya picha yanatosha. Kisa cha Neptuni kinanitia shaka. Picha za sayari hiyo zilizotokana na chombo cha anga cha Voyager 2 mwaka 1989 zilikolezwa ili mawingu na pepo zionekane, na jambo hilo lilielezwa wakati ule, lakini maelezo yakabaki nyuma na picha zikasonga mbele, hata vitabu vikaipa sayari hiyo buluu iliyokolea. Utafiti ulioongozwa na Patrick Irwin wa Oxford, uliotoka Januari 2024, ulionyesha kwamba rangi yake inakaribiana sana na ile ya Uranusi. Hakuna aliyedanganya, na bado watu wengi walijifunza jambo lisilo sahihi kwa zaidi ya miaka 30.

Ndiyo maana mpaka ninaoutafuta hauko kati ya rangi halisi na rangi za kupangwa. Uko kati ya badiliko linaloigusa picha nzima kwa kanuni moja, ambalo mwingine anaweza kulifuata nyuma, na mkono unaochagua kipande kimoja cha wingu na kukipa rangi isiyokistahili. Njia rahisi ya kuulinda ni kuambatisha picha za kijivu za kila kichujio pamoja na ile ya rangi. Mwaka 2022 wapigapicha wa ridhaa Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty waligundua tao kubwa la oksijeni karibu na galaksi ya Andromeda, ambalo uchunguzi wa miaka mingi ulikuwa umelipita. Katika picha yao iliyosambaa tao hilo ni la buluu na linaonekana wazi, ingawa kwa kweli ni hafifu mno; lakini kilichowafanya wanaastronomia walikubali ni kwamba tao lilelile lilijitokeza katika picha za oksijeni zilizopigwa kwa darubini nyingine, kabla mtu yeyote hajaamua lipewe rangi gani.