Hadithi huanza pale mtu anapokataa kusimuliwa

Mwandishi wa riwaya akihojiwa, swali moja halikosi: kipaji ulikipata wapi? Wengi hujibu kwa adabu, wakamtaja bibi aliyewatolea hadithi jioni, au mwalimu wa fasihi aliyewasifu insha. Siyapingi majibu hayo. Lakini bibi mmoja ana wajukuu tele na hadithi zake wamezisikia wote, mbona anayekuja kuandika ni mmoja? Naamini huyo mmoja alikuta jambo analolijua likisimuliwa visivyo, au halisimuliwi kabisa, likamkaa rohoni mpaka akashika kalamu.

Abdulrazak Gurnah ndiye ninayemkumbuka kwanza kila mjadala huu unapozuka. Alizaliwa Unguja mwaka 1948. Katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Nobel ya Fasihi, Desemba 2021, alieleza jinsi alivyokipenda kipindi cha kuandika hadithi shuleni, darasa zima likinyamaza, kila mtoto kainamia daftari lake. Raha ya kuandika ilikuwepo tangu hapo, ila mwandishi alikuwa bado. Yakaja Mapinduzi ya 1964 na vitisho vilivyofuata, naye mwishoni mwa miaka ya 1960 akaishia Uingereza, kijana mdogo, hana kitu. Ni huko, katika ufukara na upweke wa ugenini, alikoanza kuandika kwa namna nyingine. Aliyawaza aliyoyaacha nyumbani, na kadiri alivyoyawaza ndivyo alivyoona kwamba historia ya kwao ilikuwa ikiandikwa upya kwa kurahisishwa. Wakoloni walikuwa na simulizi yao, na walioshika madaraka baadaye wakatunga ya kwao, wakiyafuta mambo ambayo watu walikuwa wameyaona kwa macho. Akaona hana budi kuikataa historia ya namna hiyo.

Hakupata kurudi Zanzibar hadi 1984, akamwona baba yake muda mfupi kabla mzee hajafariki. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987. Nikiipima miaka hiyo yote, siwezi kukubali kwamba mtu huandika kwa sababu siku moja aliamka na wazo zuri. Wazo zuri halimshikilii mtu kwa karibu miaka ishirini.

Hata hivyo, kinyongo peke yake hakitoshi, na Gurnah mwenyewe alilisema hilo katika hotuba ile ile: kuandika hakuwezi kuwa mabishano matupu, lazima kuwe na nafasi ya upendo na upole hata pale pasipotarajiwa. Ndiyo maana katika riwaya yake Paradise, iliyotoka 1994, msomaji hapewi somo la ukoloni. Anapewa Yusuf, mtoto ambaye babake anamtoa kwa tajiri mfanyabiashara kwa sababu ya deni, na tunaifuata misafara ya bara kwa macho ya mtoto huyo. Wasomaji wa Kiswahili tulisubiri hadi 2022 kuisoma kwa lugha yetu, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iitwayo Peponi. Kusubiri huko kunaniuma, kwa kuwa watu wanaosimuliwa mle ni watu wetu.

Kwa Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya mambo yalikwenda vingine. Yeye alikuwa mwandishi mwenye jina tayari alipokamatwa mwishoni mwa Desemba 1977, baada ya serikali kuusimamisha mchezo wa Kigikuyu uliochezwa na wakulima na vibarua wa Kamiriithu, Limuru. Akawekwa Gereza la Kamiti mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Humo ndimo alimoandika riwaya yake ya kwanza kwa Kigikuyu, kwenye karatasi za chooni. Maaskari wakaipata na kuichukua, baadaye akarudishiwa. Watu husimulia kisa hiki ili kusifu ujasiri, na anastahili. Mimi kinachonigusa zaidi ni lugha. Alikwishaandika riwaya za Kiingereza, wala hakuguswa kwa kiasi kile. Walipocheza wanakijiji kwa lugha yao wenyewe, akafungwa. Pale akajua anawaandikia nani.

Adam Shafi naye alikuwa miongoni mwa waliotiwa ndani Zanzibar baada ya kuuawa kwa Rais Karume, Aprili 1972. Riwaya yake ya gereza, Haini, ilitoka 2003. Jambo la kuandikwa linaweza kumsubiri mtu miaka thelathini.

Si lazima msukumo uwe jeraha. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la hadithi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la 1957–58 kwa kisa cha upelelezi kilichochapishwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana nasaba ya wazi na Sherlock Holmes. Lakini mpelelezi wa Kiingereza alikuwa na mitaa ya London, na Abdulla akampa wake mashamba na mizimu ya Unguja. Hata hapo kulikuwa na pengo: sisi hatukuwamo. Nasema pia kwamba bila shindano lile, lenye tarehe ya mwisho na watu wa kuusoma mswada, huenda hadithi ile ingebaki kichwani. Kwa hiyo nazifurahia tuzo za uandishi wa Kiswahili tulizonazo sasa, ile iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na ile ya Mwalimu Nyerere huku Tanzania.

Kinachonisikitisha ni jinsi insha inavyofundishwa katika shule zetu nyingi. Watoto hukaririshwa mianzo, misemo na methali za kupachika, jua lichomoze vilevile kwenye kila daftari, na alama zikafuata wingi wa mapambo. Mtoto aliyeona kitu kweli anafunzwa kukificha nyuma ya maneno ya mtu mwingine. Ningetamani mwalimu atoe kipindi kizima kwa wiki, aseme: chagueni tukio la mtaani kwenu ambalo wakubwa hulisimulia kila siku, kisha kila mmoja aandike jinsi alivyoliona yeye. Methali zisihesabiwe, na tahajia isahihishwe wiki inayofuata.