Tuanze na visima

Kila mwaka ikifika masika tunarudia mazungumzo yale yale: umeme umekatika, barabara imejaa maji, mfereji wa nyumbani hautoi maji. Tunayazungumza kama mambo matatu tofauti, na serikali inayashughulikia hivyo hivyo. Mimi naona la kwanza na la tatu ni jambo moja, na ndipo pa kuanzia. Tukipata fedha za paneli za sola na betri kwa ajili ya kujikinga na mabadiliko ya tabianchi, ziende kwanza kwenye visima vya shehia, yaani maeneo madogo ya utawala yanayoongozwa na masheha, na vituo vya afya, Unguja na Pemba. Miradi mikubwa ifuate.

Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Wa kwanza uliwekwa mwaka 1980. Wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulikamilika mwaka 2013. Pemba ilipata wa kwake kutoka upande wa Tanga mwaka 2010, na kabla ya hapo ilikuwa ikiishi kwa majenereta ya dizeli ya Wesha. Nyaya hizi zimetusaidia sana na sina nia ya kuzibeza. Lakini zimetufunga pamoja na hali ya hewa ya bara. Oktoba 2015 mabwawa ya bara yalipungua maji mpaka TANESCO, shirika la umeme la bara, ikazima mitambo yake ya nguvu za maji. Sasa lipo bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, na limeleta nafuu kubwa. Hata hivyo nalo linasubiri mvua, na mvua siku hizi haina miadi.

Giza refu tunalijua. Mwaka 2008 Unguja ilikaa bila umeme karibu mwezi mzima, kuanzia Mei hadi Juni. Halafu Desemba 2009 umeme ukaondoka tena, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu. Hitilafu zile hazikusababishwa na dhoruba wala ukame, lakini zilituonyesha siku ya dhoruba kubwa tutakuwaje. Aliyeishi Unguja wakati ule hasahau kwamba taa haikuwa shida kubwa. Watu walitoa kandili na koroboi, wenye uwezo wakanunua jenereta, na usiku ukapita. Kilichowachosha watu ni maji.

Sababu iko wazi kwa anayejua kisiwa chetu kilivyo. Hatuna mto wa kutegemea. Tunakunywa mvua iliyozama kwenye mwamba wa matumbawe, na kuitoa huko chini ni kazi ya pampu, na pampu inaendeshwa na umeme. Umeme ukikatika asubuhi, kabla ya adhuhuri mfereji unakohoa hewa. Wanawake na watoto wanatoka na madumu kwenda kwenye visima vya kamba, ambavyo vingi maji yake yana chumvi, na foleni inaanza alfajiri. Mtoto aliyepangwa kwenye foleni ya maji hafiki skuli kwa wakati, na hilo halimo katika takwimu yoyote ya umeme. Nimemuona mkunga katika kituo cha afya cha kijijini akiwaambia jamaa wa mzazi warudi nyumbani wakalete dumu mbili za maji, na mzazi yuko ndani tayari ana uchungu. Yule mkunga hakuwa mkali. Alikuwa amechoka kuomba kitu ambacho hakupaswa kukiomba.

Mji wa Unguja uliwahi kupata maji bila ya umeme kabisa. Zama za Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, maji ya chemchemi ya Bububu yaliletwa mjini kwa mfereji uliojengwa maalumu kwa kazi hiyo. Leo watu ni wengi mno kwa chemchemi ile, na sisemi turudi huko. Nasema kwamba kufungamanisha kila tone na waya mmoja ni uamuzi uliofanywa na watu, na watu wanaweza kuurekebisha.

Wapo wanaodhani dhoruba si zetu, ni za Msumbiji na Madagaska. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Biashara ya karafuu haikufa, kwa sababu Pemba haikuguswa sana, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoibeba. Kama mikarafuu yote ingekuwa Unguja, historia yetu ingekuwa nyengine. Na mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, boti za Dar es Salaam zilisimama. Kiliishia Mafia, alhamdulillah. Kwa siku zile tulikuwa kisiwa hasa: hakitoki kitu, hakiingii kitu. Anayesema majenereta ya dizeli yatatuokoa ajiulize dizeli inakuja na nini.

Serikali ina mipango, na baadhi ni mizuri. Mradi wa ZESTA, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021, una lengo la kuimarisha gridi yetu na kuleta umeme wa jua pamoja na betri zake. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini umeme wa shamba kubwa la sola unapita kwenye nguzo zile zile na waya ule ule kufika kijijini. Nenda Jambiani au Bwejuu ukaangalie vyuma vya juu ya nguzo: upepo wa bahari umevila, kutu imekuwa nyekundu kama udongo wa shamba. Nguzo za mbao zinaoza pale pale zinapoingia ardhini. Kusi likivuma, kuti moja la mnazi likiangukia waya linatosha kuwatia giza watu wa vijiji vinne. Jua lizalishe megawati ngapi, nguzo ikilala, pampu imelala. (Kukata matawi ya miembe na minazi iliyoegemea nyaya kabla ya masika ni kazi ya panga na ngazi. Sijui kwa nini tunaisubiri mpaka waya ukatike.)

Kisima chenye paneli zake mwenyewe hakingoji nguzo. Na uzuri wa maji ni kwamba hayahitaji betri kubwa. Pampu inafanya kazi jua likiwepo, inajaza tangi lililowekwa juu, na usiku maji yanateremka yenyewe. Siku za mawingu ya masika pampu itapiga polepole, basi tangi liwe kubwa kuliko mahitaji ya siku moja. Betri ziwekwe pale ambapo hakuna njia nyengine: friji ya chanjo, taa ya chumba cha kuzalia, mashine ya oksijeni. Hapo hata saa moja ya giza ni nyingi.

Kuna hatari moja katika ninachokipendekeza, na lazima niiseme. Pampu ya sola haina bili. Hakuna TUKUZA, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ya kuishiwa na uniti, kwa hiyo hakuna kinachomzuia mtu kuiacha ivute kutwa. Chini ya mwamba wetu maji matamu yamekaa juu ya maji ya bahari, na ukiyavuta kupita kiasi, ya chini yanapanda. Bahari yenyewe nayo inapanda, na watu wa Kisiwa Panza kule Pemba hawahitaji kuelezwa habari hiyo. Kisima kikishaingia chumvi, kukirudisha ni kazi ya miaka, pengine kisirudi. Kila pampu ya sola iwekewe mita na kikomo cha kuvuta kwa siku, na maji yapimwe chumvi mara kwa mara, majibu yabandikwe kwa sheha watu wayaone. Na hili lihusu hoteli pia, zenye visima vyake na bustani za kumwagilia. Haiwezekani kijiji kiwekewe kikomo na jirani yake asiwekewe.

La matunzo ndilo linalonikera kuliko yote. Nakijua kituo kimoja cha afya ambacho paa lake lina paneli nzuri tu. Ukiingia ndani unaonyeshwa inveta iliyofunikwa kanga stoo na betri zilizovimba. Mfadhili alikuja, akapiga picha, akaondoka, na hakuna aliyepanga nani atanunua betri zitakapokufa. Betri hufa, kila fundi anajua. Mafundi si kwamba hatuna: Kinyasini kuna chuo kinachofundisha wanawake wa vijijini kufunga na kutengeneza sola, wengine hawakumaliza hata skuli, na wanarudi kwao wakiwa mafundi kamili. Mama wa aina hiyo anaishi karibu na kisima, anakitumia mwenyewe, na hasubiri gari la ofisi kutoka mjini. Apewe mkataba wa kukitunza, alipwe kila mwezi, apewe na vipuri.

Wala hatuna kisingizio cha wizara mbili kutupiana mpira, kwani maji na nishati viko chini ya wizara moja. Kwa hiyo bajeti itakaposomwa tena katika Baraza la Wawakilishi pale Chukwani, ningependa mwakilishi wangu asimame aulize visima vingapi vitatoka kwenye kutegemea nyaya mwaka huo, vitajwe kwa shehia zake, za Unguja na za Pemba, na fedha za kubadilisha betri za vituo vya afya zimewekwa katika fungu gani. Akijibiwa kwamba fungu hilo halipo, aliombee liundwe kabla hajakaa.