Bati Linavuja, Mkopo Unakatwa: Kipi Kianze?

Miaka michache iliyopita fundi alipanda juu ya paa la nyumba ya marehemu bibi, Ngamiani, Tanga, akashuka na kipande cha bati kilicholiwa na kutu. Ukikiinua juani unaona vitobo kama vya chujio la tui. Akanipa makisio yake palepale barazani: mabati manane, mbao moja ya kenchi (fremu inayobeba bati) na ufundi, jumla shilingi 420,000. Nikamwambia nitakutafuta mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi huo ulikuja baada ya miezi 24.

Sikuwa mzembe, au niseme sikujiona mzembe. Nilikuwa na madeni, na kila mshauri wa fedha niliyemsikiliza alisema jambo lilelile: maliza madeni kwanza, nyumba haikimbii. Kweli haikukimbia. Masika mawili na vuli mbili zikapita juu yake, na fundi aliporudi hakuthubutu hata kukanyaga kenchi. Upande mzima wa uani mbao zilikuwa zimelainika kama muhogo uliopitiliza kuiva, na mchwa walikuwa wamekwishajenga njia yao kutoka ukutani. Makisio mapya: mabati 26 ya geji 28 kwa 31,000 kila moja, mbao zilizopakwa dawa 264,000, misumari 40,000, ufundi 260,000. Jumla 1,370,000.

Chukua 1,370,000 utoe 420,000. Ile subira yangu ya busara ilinigharimu 950,000 kwa miaka miwili, karibu 40,000 kila mwezi. Ukiipima kwa ile 420,000 ya mwanzo, bati lilikuwa linanitoza zaidi ya asilimia 9 kwa mwezi, na halikunitumia hata ujumbe wa kunikumbusha.

Ndiyo maana siku hizi nabishana na watu wa “maliza madeni kwanza”. Ushauri huo unamfaa mtu anayepanga, au mwenye nyumba mpya. Aliyerithi nyumba ya zamani tayari ana mkopeshaji mmoja zaidi asiyeonekana kwenye karatasi ya mshahara. Na kabla hujaniletea methali ya ufa na ukuta, naijua. Tatizo lake haisemi ufa huo unazibwa kwa pesa ya nani.

Basi nikaiweka karatasi ya mshahara mezani. Mimi ni mwalimu. Mshahara wa msingi ni 980,000. Ukitoa kodi, mfuko wa hifadhi ya jamii, bima ya afya, chama cha wafanyakazi na Bodi ya Mikopo, yaani deni la masomo ya chuo, mkononi inabaki 623,000 na ushee. Halafu SACCOS, chama chetu cha akiba na mikopo, wanakata 141,000 na kidogo za mkopo wa 3,000,000 niliochukua kwa matibabu ya mama. Inabaki 482,000. Na nje ya karatasi, kwa mtu mmoja ambaye ofisi yake ni kiti cha plastiki, nilikuwa na deni la 400,000 la kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba ya kunyonya. Hilo nilimficha hata mke wangu.

Madeni haya watu huyaita jina moja, deni, lakini tabia zake hazifanani. La Bodi ya Mikopo linakula asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichopanda kutoka asilimia 8 sheria ilipobadilishwa 2016. Linauma mwisho wa mwezi, lakini tangu ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iondolewe mwaka 2021, halizai tena kama zamani. Kuliharakisha hakunipunguzii kitu cha maana. La SACCOS linatoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. La kausha damu ni asilimia 20 kwa mwezi: kila mwezi napeleka 80,000, na 400,000 imekaa palepale inanitazama. Kwetu tuna usemi, waja leo, kuondoka majaaliwa. Husemwa kumsifia mgeni aliyenogewa na Tanga, ila mimi sijaona kinachoufaa kuliko kausha damu.

Sasa weka na nyumba kwenye foleni hiyohiyo. Kausha damu asilimia 20, bati linalovuja 9, SACCOS 1, Bodi karibu na sifuri. Vigae vya ukumbini ambavyo ndugu zangu wanavililia? Sifuri kabisa. Sakafu ya saruji ya bibi imepasuka, ndiyo, lakini mwaka kesho itakuwa imepasuka vilevile. Jipsamu, sifuri. Rangi, sifuri. Kwa hesabu hiyo paa linakaa nyuma ya kausha damu na mbele ya SACCOS, na vigae vinasubiri wote wamalize.

Kuna vitu sivitii kwenye mizani hiyo. Nyaya za umeme za nyumba ile zilifungwa enzi ambazo mzigo mkubwa ulikuwa taa nne na redio. Leo kuna friji, pasi, jagi la kuchemshia maji na wapangaji wawili wenye feni. Soketi ya chumba cha shangazi ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Hapo hakuna cha kuuliza riba ni asilimia ngapi. Niliita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, tukabadilisha laini ile na swichi kubwa kabla sijanunua bati hata moja. Nikachelewesha ada ya mtoto kwa wiki tatu. Sijutii.

Rudi kwenye kausha damu. Nyumba ile ni ya Kiswahili hasa: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani kuna jiko na choo. Vyumba viwili hupangishwa, 40,000 kila kimoja, kodi ya miezi sita mbele. Kodi zile mbili zilikuwa 480,000, kiasi kilekile nilichohitaji kufunga deni pamoja na riba ya mwezi ule. Lakini si pesa yangu. Ni ya warithi wanne na shangazi anayeishi pale. Nilikaa siku tatu nikitafuta namna ya kuichukua bila kusema, na wenye madeni wenzangu mnaijua hali hiyo, mtu unajitungia mpaka unajiamini. Mwishowe nilikwenda kwa shangazi baada ya Alasiri, nikamwambia kila kitu. Alinyamaza kidogo, akauliza, “Mwanangu, asilimia 20 ndiyo kiasi gani?” Nilipomweleza kwamba kwa miezi mitano nimeshapeleka 400,000 na bado nadaiwa 400,000, akasema, “Huyo si mkopeshaji, huyo kupe.”

Tulifanya kikao, kaka aliyeko Muscat akiwa kwenye simu. Tukaandika kwenye daftari: fulani amechukua 480,000 za kodi, atazirudisha kwa kuezeka paa, na kitakachozidi hapo kitahesabiwa kuwa mchango wake kwenye nyumba ya urithi. Waliokuwapo wote wakatia saini. Hili la daftari naliona muhimu kuliko bati lenyewe. Nimeona familia zikivunjika kwa sababu mmoja alikarabati kwa mapenzi, bila maandishi, halafu siku ya kugawana anasema nyumba hii nimeijenga mimi, na wenzake wanasema nani alikutuma. Kama mirathi haijafunguliwa au ndugu hawajasaini, nunua turubai tu, usinunue bati.

Turubai, kwa kweli, silidharau. Lile langu la 35,000, lililokandamizwa na mifuko ya mchanga, lilivuka vuli nzima.

Kausha damu ilipofungwa Septemba, zile 80,000 za riba zikawa huru. Nikaongeza 60,000 na kuingia kwenye upatu wa watu kumi, 140,000 kila mwezi, kuanzia Oktoba. Nilimwendea kijumbe, yule anayekusanya na kupanga zamu, mapema, nikamweleza nataka zamu ya Februari. Masika huanza Machi. Ukipokea Mei unanunua bati huku mvua inakusaidia kuhesabu. Anayepokea zamu ya tano amekopeshwa na wale wa nyuma yake, usidanganyike kwamba ni akiba, ila mkopo huo hauna riba, na aibu ya kutokulipa inamtosha mtu kuwa mkweli.

Wakati huohuo kijana mmoja nadhifu alikuja chumba cha walimu na vipeperushi. Mkopo wa 3,000,000, miaka miwili, “asilimia 12 tu, mwalimu, sawasawa na SACCOS yenu.” Nikatoa simu. Kwa SACCOS asilimia 12 kwa mwaka inahesabiwa kwenye salio linalopungua, na kwa miezi 24 riba yote ni kama 389,000. Yeye anahesabu asilimia 12 ya mkopo mzima kila mwaka, hata ile sehemu uliyokwisha kuirudisha: 720,000. Rejesho lake lingekuwa 155,000 badala ya 141,000. Kumi na mbili moja, bei mbili. Nilipomwonyesha alicheka, akaenda meza ya pili, na mwenzangu mmoja alisaini siku hiyohiyo kwa ajili ya vigae na milango ya alumini. Nyumba yake imependeza, sikatai. Mshahara wake sasa umekaa juu kidogo tu ya ile theluthi moja ambayo sheria hairuhusu ikatwe, na mtoto akiugua anakuja kwangu.

Februari nikapokea 1,400,000. Makisio 1,370,000. Nikajiona mhasibu.

Nyumba ya zamani haina makisio, ina matumaini. Kuta za ile nyumba ni miti na udongo. Baadaye mtu aliipiga lipu ya saruji ili ionekane ya tofali, na lipu ya saruji juu ya udongo ni adui mwenye sura nzuri: saruji ni ngumu, udongo unapumua na kucheza, maji yakishaingia kwa juu hayatoki. Yanakaa ndani yakilainisha ukuta kimyakimya huku nje panang'aa. Tulipofumua mabati, fundi akagonga lipu ya juu kwa kitako cha nyundo, ikaitika kama ngoma. Ikadondoka kipande cha ukubwa wa meza, na nyuma yake ile mbao ndefu ya ukutani inayobeba kenchi ilikuwa unga. Nyongeza: 185,000. Mkononi nilikuwa na 30,000.

Hapo ndipo watu hurudi kwa mwenye kiti cha plastiki. Paa liko wazi, mawingu yanakuja kutoka baharini, mafundi wanne wamekaa wanakutazama, na namba yake ipo kwenye simu. Nilichofanya si ushujaa: nilimwambia fundi apunguze. Jiko la uani likabaki na mabati yale ya zamani yaliyokuwa na uhai, na mabati mapya matano niliyokuwa nimeliwekea nikamrudishia mwenye duka, akanipa 31,000 zile zile kwa kila moja kwa sababu yalikuwa hayajatobolewa. Hiyo ikawa 155,000. Pamoja na zile 30,000 zangu, mbao ya ukutani ikanunuliwa na kupigwa siku ileile.

Kwa hiyo nikiulizwa leo, nasema weka robo ya makisio juu ya makisio, na kama huna robo hiyo, basi punguza kazi kabla hujafumua, si baada. Nasema pia nunua bati na mbao mapema ukipata pesa, uziweke pakavu, lakini saruji usiiweke stoo. Ikikaa miezi mitatu inaanza kupoteza nguvu, na ile iliyoganda mfukoni fundi mjanja atakupondea akuchanganyie hivyohivyo. Geji nayo watu hujichanganya: namba ikipanda bati linakuwa jembamba, kwa hiyo 30 ni dhaifu kuliko 28, na kwa upepo wa chumvi wa kwetu tofauti hiyo unaiona baada ya miaka michache. Mifereji ya maji ya paa sikuwa nimeipangia hata senti. Ndiyo kazi yangu inayofuata, kwa sababu maji ya bati jipya yanashuka kwa nguvu na kuchimba msingi uleule ninaojaribu kuulinda.

SACCOS bado miezi 11. Siiharakishi, asilimia 1 kwa mwezi naweza kulala nayo. Upatu unaisha Julai, halafu 140,000 zitagawanywa, nusu mifereji na msingi, nusu kubandua ile lipu ya saruji na kurudishia udongo na chokaa. Wazo hilo la mwisho ndugu zangu wameliita kurudi nyuma.

Kaka wa Muscat ametuma picha za vigae vyeupe vyenye mishipa ya dhahabu. Nimemjibu vizuri sana, nimemtumia na vipimo vya ukumbi, na namba ya kijumbe.