Mti wa Matunda na Meno ya Wakwe

Mti wa matunda, ule wa mezani wa vipande vya matunda vilivyochomekwa kwa tuthpiki, hausimami kwa maombi, unasimama kwa epo. Unatafuta epo moja kubwa na ngumu, ya kijani ikipatikana, unaikata kitako kidogo ili ikae sawa, halafu pale penye kikonyo unachonga tundu la upana wa karoti, kina cha sentimita 2 na nusu hivi. Karoti iwe nene chini, nyembamba juu, urefu wa sentimita 18 hadi 20. Za Lushoto zikiwa mpya hazina mpinzani, hazipindi. Unachomeka ule upande mnene ndani ya epo. Ikicheza, unaibana kwa tuthpiki tatu zinazopenya epo na karoti kwa pamoja. Hilo ndilo shina.

Naanza na shina makusudi, ili ijulikane mapema kwamba yaliyotokea Krismasi ile sebuleni kwetu Kimara, Dar es Salaam, hayakusababishwa nalo. Shina lilikuwa zima mpaka mwisho. Lipo tayari kutoa ushahidi.

Wakwe wa kaka walikuwa wanakuja kula kwetu kwa mara ya kwanza. Mama alishagawa kazi: pilau lake mwenyewe, mbuzi wa kuchoma wa kaka uani, na majiko yote mawili, la gesi na la mkaa, yana wenyewe. Mimi nikapewa vitu vya kutafuna, kwa sharti moja tu: nisisogelee moto. Kwa anayeijua kazi, sharti hilo halina uzito. Sinia la matunda linataka kisu kikali, chujio, na watu wakae mbali.

Kwa watu 20 ambao wameshaahidiwa pilau, vinatosha hivi: zabibu kilo moja, nusu za kijani na nusu nyeusi, embe dodo tatu, nanasi moja, tikiti nusu, matango matatu, korosho nusu kilo, na tende nusu kilo, ambazo unazitoa kokwa na kuweka korosho ndani. Kama hakuna pilau, zidisha mara mbili na uombe Mungu. Matunda nilifuata sokoni Buguruni. Nanasi la Kiwangwa hulinusi juu kwenye majani, unalinusi kitakoni. Likinukia hapo, limeiva. Embe ndiyo huwaponza wengi. Desemba ni msimu wake, yamejaa mpaka barabarani, mtu anachukua yaliyoiva hadi yanateleza. Embe la hivyo linaliwa kwa mikono huku umeinamia beseni. Kwenye kijiti halishiki, linashuka taratibu mpaka linakutana na jirani yake. Chukua lililoanza kuiva, lenye rangi tayari lakini bado gumu ukilibonyeza karibu na kikonyo.

Vipande viwe vya sentimita 2 kila upande. Tikiti ukishalikata liache kwenye chujio nusu saa lidondoshe maji, na asitokee mtu wa kulinyunyizia sukari wala chumvi, maana vyote viwili vinayaita maji yatoke nje, na sinia linageuka bwawa. Nanasi nalo ukilichuja vizuri halina shida, ila liweke mbali na bakuli la mtindi. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata protini za maziwa. Likikaa ndani ya mtindi, baada ya muda unakuwa mchungu na mwepesi, na watu watasema mtindi ulikuwa mbovu. Mtindi wenyewe, lita moja, unaufunga kwenye kitambaa safi na kuuning'iniza usiku kucha ndani ya friji juu ya bakuli. Asubuhi unaukuta mzito, unatia chumvi, dania na pilipili, tayari kwa kuchovya matango.

Kupanga kunaanzia chini. Safu za chini tumia tuthpiki nzima, za juu zikate nusu, mti upate umbo. Kila tuthpiki ielekee juu kidogo, kama si hivyo tunda litateleza na kuondoka. Vizito, yaani tikiti na nanasi, vikae chini. Zabibu zipande juu. Na hili ndilo kubwa kuliko yote: usijaze upande mmoja ukamaliza ndipo uhamie mwingine. Weka kipande kimoja, zungusha sinia, weka kingine upande wa pili. Karoti inabeba uzito mwingi ilimradi pande zote zilingane. Upande mmoja ukipungua, epo inanyanyuka upande huo, na hapo hakuna fundi wa kuizuia.

Saa tano asubuhi mti ulikuwa umesimama. Tuthpiki 70, nyota ya embe kileleni, matango yamezunguka chini yamelaliana, tende na korosho kwenye pembe, krispi za ndizi kwenye bakuli lake peke yake zisilowe. Wifi akatoka chumbani na simu mkononi.

"Wifi, mbona huu hauna theluji?"

"Theluji, wifi? Kimara hii?"

"Huu hapa kwenye simu unayo."

"Huo wa kwenye simu haukai Kimara."

Nikamweleza kwa upole, maana wageni ni wazazi wake. Theluji ya mti wa matunda ni nazi kavu ya pakiti, ile iliyosagwa na kukaushwa, na inanyunyizwa wakati wageni wameshakaa. Nazi mbichi ina maji na mafuta yake. Kwa joto la Desemba la Dar, nyuzijoto 31 au 32, inachacha saa chache tu. Akaitikia kabisa, "Nimekuelewa, wifi." Nikaenda kuoga. Niliporudi, alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anamalizia kifuu cha pili. Nazi nzima ilikuwa juu ya mti.

"Si umeona ulivyopendeza?" akaniuliza.

Ulikuwa umependeza, siwezi kusema uongo. Dakika hiyohiyo umeme ukakatika.

Wageni walisema wangefika saa saba. Sasa, matunda yaliyokatwa yasikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32 hesabu saa moja. Mti wenye kimo kile hauingii kwenye friji ya kawaida mpaka utoe rafu, na friji yenyewe ilikuwa imezima. Dawa yake ni sinia juu ya sinia: kubwa chini limejaa barafu, la matunda juu yake. Nikanunua mifuko sita ya barafu kwa jirani nikaipasua. Zikabaki nzi. Kawa letu kubwa liliishia nusu ya mti. Nikazunguka nyumba nzima, nikaona kile chandarua cha mwavuli cha kufunikia mtoto mchanga, kilichobaki tangu mtoto wa kaka alipokuwa mdogo. Cha rangi ya pinki, kina dubu. Kilienea vizuri kabisa. Nikauweka mti nacho juu ya meza ndogo pembeni ya ukuta, palipo na kivuli, nikamwonya mtoto wa kaka.

"Shangazi, ile nyota ya nani?"

"Ya wageni."

"Nikitoka nje halafu nikapiga hodi?"

Wageni waliingia saa tisa. Shikamoo, marahaba, karibuni, tumeshakaribia, poleni na foleni. Mama mkwe wa kaka alipoona kile chandarua alisimama mlangoni, akavua viatu, akashusha sauti.

"Jamani, mtoto kalala. Msipige kelele."

Akina mama wote waliomfuata wakaanza kutembea kwa vidole. Mzee aliyekuwa anacheka kwa sauti alipigwa kiwiko. Mimi nilikuwa nimebeba trei ya juisi ya ukwaju, nikafungua mdomo niseme, lakini Mama mkwe alishanishika mkono.

"Hongera, mwanangu. Wa ngapi huyu?"

"Hapana, Mama, hayo ni matunda."

"Kabisa. Ni matunda ya tumbo, tumshukuru Mungu."

Wifi badala ya kunisaidia alikimbilia jikoni, mabega yanatikisika. Na theluji nayo ikaamua kuja wakati huohuo. Nazi ikianza kuchacha inatoa harufu fulani ya uchachu yenye utamu kwa mbali, na feni zilikuwa zimesimama. Mama mkwe alinusa mara mbili, akanigeukia kwa huruma.

"Mtoto kacheua huyo. Kamwangalie."

Nikaenda nikainama mbele ya chandarua, nikajifanya naangalia. Ningefanyaje? Macho yote yalikuwa kwangu. Nazi ya juu ilikuwa imeanza kuwa ya manjano, iliyobaki imeshuka na maji ya tikiti hadi kwenye matango. Dawa ya nazi iliyochacha ni kuitoa yote, hakuna njia nyingine. Ukiichanganya na ndimu inakuwa nazi iliyochacha yenye ndimu. Nikapenyeza mkono chini ya chandarua na kitambaa kibichi, nikawa nafuta mti tawi kwa tawi. Nyuma yangu nikasikia, "Tazama anavyompapasa. Mama ni mama."

Pilau likaliwa, mbuzi akaliwa. Mama akamchukua Mama mkwe uani akamwonyeshe migomba, mimi nikapata nafasi ya kuondoa chandarua na kuuzungushia mti matango mapya. Theluji imeisha, nyota ipo, matawi yote mahali pake. Nikasema, "Karibuni matunda."

Mzee, yaani baba mkwe wa kaka, ndiye aliyesogea kwanza. Akautazama mti juu hadi chini, akachagua tuthpiki ya mbele yenye zabibu nyeusi, akaivuta. Nikatabasamu. Mzee akaitoa ile zabibu taratibu kwa vidole viwili, akaiweka ukingoni mwa sahani, akaegemea kochi, akaanza kuchokonoa meno.

Mbuzi wa kaka alikuwa mgumu, hilo nalo liandikwe. Hakuna aliyemaliza kula bila nyuzi mbili tatu katikati ya magego. Wazee wengine walipomwona Mzee ametulia na kijiti chake wakaelewa matumizi ya kile chombo. Mmoja akavuta, akaweka nanasi pembeni. Mwingine akavuta, akaweka embe pembeni. Mjomba wa wifi akavuta mbili, moja akaichomeka nyuma ya sikio ya njiani. Na wote walikaa kwenye kochi moja, kwa hiyo wote walivuta upande mmoja.

"Wazee, matunda yanaliwa," nikasema.

"Tunashukuru, tumeshiba," wakajibu, wakavuta nyingine.

Upande wa kochi ulibaki karoti tupu, upande wa ukutani una tikiti na nanasi vyote. Nikaiona epo inaanza kunyanyua kitako. Nikasogea niuzungushe mti. Mzee akanyoosha mkono tena, safari hii akaifuata moja ya zile tuthpiki tatu za kubania shina. Ilikuwa imebana kweli, akaivuta kwa nguvu kidogo.

Mti ukalala chali. Nyuma yake, kati ya meza na ukuta, kulikuwa na kigoda chenye bakuli la mtindi. Nyota iliingia ya kwanza. Mtindi mzito hauruki mbali, hiyo ni faida yake. Ungekuwa mwepesi ungefika darini. Huu uliishia kwenye kalenda, kwenye pazia, na kwenye shati jeupe la kaka aliyekuwa anapita na maji ya kunawa. Barafu iliyoyeyuka ikafuata. Zabibu zikasambaa chini ya makochi, na mtoto wa kaka akazifuata kwa magoti. Nikamwahi, maana kwa mtoto chini ya miaka mitano zabibu nzima ni hatari kooni. Inakatwa kwa urefu vipande vinne. Nilipomvuta miguu akatoka na epo mkononi, karoti bado imechomekwa ndani, imenyooka, haijatikisika.

"Shangazi, ona! Haijavunjika!"

Nikaiinua wote waione. Hakuna aliyeshangilia.

Mzee alitusaidia kuokota, akiwa bado na kijiti mdomoni. "Mmetupokea vizuri sana," akasema. "Sisi kwetu hizi tunaziweka tu kwenye kikopo."

Wakati wa kuaga Mama mkwe alirudi kutoka uani, akatazama pale mezani, hakuna chandarua.

"Mmemhamishia chumbani? Mmefanya vizuri, wanaume wana kelele."

Akanivuta kando ya mlango, akanikunjia noti ya elfu kumi kiganjani. "Ya sabuni ya mtoto. Na baba yake ukimwona, mwambie aje ajitambulishe."

Wifi alikuwa nyuma yake amejifunika uso kwa kanga. Nikapokea. Zabibu peke yake zilikuwa zimenigharimu zaidi ya hapo.