Vyuo Vyetu Vinapigwa Picha kwa Nje Tu

Juzi nimepita chuo nilichosoma nikakuta ukumbi wetu wa zamani wa mihadhara umekarabatiwa. Viti vya mbao vya ngazi vimeng'olewa, dari imefunikwa kwa jipsamu, madirisha ya luva yamekuwa ya alumini. Sina ugomvi na ukarabati: paa lilikuwa linavuja, na wanafunzi wana haki ya kukaa pakavu. Kilichoniuma ni jibu nililopewa nilipoomba picha za ukumbi ule ulivyokuwa ndani. Zipo za mahafali, wakaniambia. Majoho, maua, na mlango kwa nyuma.

Ndivyo vyuo vyetu vilivyo. Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nchi nzima imetembea nao mfukoni kwenye noti ya shilingi 500, na paa lake kila mtu analijua. Muulize asiyesoma Mlimani kwamba ndani kukoje. Maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2018 nayo imepigwa sana picha kutoka angani kwa droni. Lakini watu hawakusomea angani! Walisoma ndani, wakasinzia ndani, wakabishana ndani mpaka taa zikazimwa.

Na ndani ndiko kunakotoweka kwanza. Usiku wa kuamkia Septemba 20, 2020, Jengo Kuu la Makerere, la tangu 1941, liliungua. Limejengwa upya kwa sura ileile na kufunguliwa mwaka 2024, nami nawapongeza kwa dhati, ila vyumba vile vya awali havirudi. Aprili 18, 2021, moto ulishuka kutoka mlimani Cape Town ukateketeza chumba cha kusomea cha Jagger katika chuo kikuu cha pale.

Picha ya kawaida huchagua ukuta mmoja na kuacha mitatu. Panorama kamili ya nyuzi 360, yaani picha inayozunguka chumba kizima, haichagui. Inabeba dari na doa lake la maji, feni, swichi iliyovunjika, sakafu iliyochakaa pale mhadhiri anaposimama. Miaka 30 baadaye anayeifungua anageuka mwenyewe na kutazama anachotaka, hata kile ambacho mpiga picha hakukijali.

Ila ipigwe kwa uangalifu. Kamera ndogo za 360 zinafaa kwa korido, hilo nakubali. Ndani ya ukumbi piga picha nyingi za kuunganishwa kuwa moja: weka stendi katikati ya viti, usawa wa macho ya mtu aliyekaa, na uizungushe kamera ukiifanya lenzi kuwa mhimili, ibaki palepale, si kiwiliwili chake. Ukikosea hapo, picha zikiunganishwa utaona dawati la karibu limekatika vipande viwili visivyokutana. Kila picha ipishane na mwenzake kwa karibu theluthi. Madirisha yanataka mwanga wake na pembe za giza zinataka wake, kwa hiyo kila upande piga mara tatu kwa viwango tofauti vya mwanga. Programu ya kuunganisha ipo ya bure, Hugin, kwa hiyo kisingizio cha bajeti hakina nguvu.

Chuo Kikuu cha Cape Town kina mradi wake uitwao Zamani, uliofika mpaka Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kupima na kurekodi magofu yetu. Kazi kubwa, na ninaiheshimu. Lakini kwa nini jengo lisubiri kuwa gofu ndipo lipewe heshima hiyo?

Ofisi za mitihani na stoo za maabara ziachwe, usalama kwanza. Vilivyobaki vyote vipigwe: kumbi, maktaba, kantini, vyumba vya hosteli vikiwa na vyandarua vyake. Idara ya milki isimkabidhi fundi funguo za chumba chochote kabla wanafunzi wenye kamera hawajakaa humo asubuhi moja, na faili zao zihifadhiwe maktaba pamoja na ramani za jengo, zikiwa na tarehe na namba ya chumba.