Jumamosi Kilimani, Jumapili Mtera: Kundi Kubwa Linafaa Wapi?

Tangazo huwa ni lile lile. Picha ya machweo, namba ya kutuma mchango, na mistari mitatu: Jumamosi tunapanda kilima, Jumapili tunapiga kafi bwawani Mtera, huhitaji uzoefu, njoo na rafiki. Tangu serikali ihamie Dodoma mji umejaa watu wa ofisini waliohamishwa bila ndugu wala jamaa wa karibu, na tangazo kama hilo likirushwa WhatsApp jioni, asubuhi orodha imeshajaa. Watu thelathini, arobaini. Mabishano yanayofuata nayo yamezoeleka. Wako wanaosema wingi ndio unafuu na ndio usalama. Wako wanaosema wingi huo ndio unaoleta ajali, safari zibaki za watu wachache waliopimwa.

Pande zote mbili zina hoja. Tatizo ni kwamba zinabishana kana kwamba kilima na bwawa vina hatari za aina moja.

Tuanze na pesa, maana wanaotetea vikundi vidogo huipita haraka mno. Gari la kukodi halibadilishi bei kwa idadi ya vichwa. Chukua mfano wa Kosta ya shilingi 300,000 kwa siku: wakiwa 25, kila mmoja anatoa 12,000, wakiwa 10, ni 30,000 kabla mtu hajanunua hata maji. Kundi dogo linaweza kujitangaza liko wazi kwa wote, lakini baada ya miezi mitatu utakuta limebaki la wenye magari yao. Pia wapo wanawake wengi ambao hawawezi kwenda wawili tu kwenye majabali ya nje ya mji wakawa na amani, ila wakiwa na watu ishirini wanakwenda bila wasiwasi. Na kundi lililojitambulisha kwa mtendaji wa kijiji hupita salama pale ambapo watu watatu wenye mabegi wangeulizwa kama wanatafuta madini.

Kwa hiyo wingi una faida, na kilimani faida hiyo inaweza kulindwa. Kinachotakiwa ni hesabu.

Vilima vingi vinavyouzunguka mji ni majabali ya matale yaliyochomoza kwenye uwanda ulio kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kipimo kizuri cha muda ni kilometa 3 kwa saa, kisha uongeze dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Njia ya kilometa 6 kwenda na kurudi, yenye mpando wa mita 250, inachukua saa mbili na dakika ishirini na tano. Hiyo ni kwa mtu mmoja. Sasa weka watu 40 kwenye njia nyembamba, mita mbili kati ya mtu na mtu: mstari una mita 80. Fika pale penye jabali moja linalotaka mikono, kila mtu dakika moja. Dakika 40 za foleni kupanda, na si chini ya hapo kushuka, kwa sababu kushuka mtu anaangalia chini na kuogopa. Safari ya saa mbili na nusu imekuwa karibu saa nne. Mlioanza saa 1 asubuhi, wa mwisho wanashuka saa 5 jua likiwa utosini, na jabali limeshapata moto kiasi kwamba kiganja hakikai. Ukisikia safari ya kilima iliharibika, chunguza kwanza foleni, maana ugumu wa kilima chenyewe mara nyingi haumo.

Dawa yake ni kugawa. Vikosi vinne vya watu kumi, kila kimoja kinaondoka dakika 15 baada ya kilichotangulia. Watu kumi wanamaliza jabali kwa dakika kumi, kikosi kinachofuata kinakuta peupe. Kila kikosi kina wa mbele anayejua njia na mfunga msafara ambaye hampiti mtu, hata kama aliye mbele yake amesimama kupiga picha ya kumi na mbili.

Maji: lita 3 kwa mtu kwa safari ya saa nne, yaani lita 120 kwa watu 40, madumu sita ya lita 20. Mgeni aliyetoka Dar es Salaam hudanganyika hapa, kwa sababu hewa ya Dodoma ni kavu na jasho linakauka kabla hajaliona. Anasema hatoki jasho, hanywi, na baada ya saa mbili kichwa kinamgonga na mkojo una rangi ya chai. Beba karanga za chumvi na pakiti za ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini), moja kwa lita moja ya maji. Kumjaza maji matupu mtu aliyepoteza chumvi nyingi kunaweza kumzidishia tatizo.

Hoja nzito zaidi dhidi ya wingi kilimani ni nyuki. Kanda ya kati ni nchi ya asali, na nyuki wanakaa kwenye nyufa za majabali na mashimo ya mibuyu. Kundi lenye spika ya muziki na marashi ya harusini linawachokoza, na watu 40 hawawezi kukimbia pamoja kwenye njia ya mtu mmoja. Waulize wenyeji mizinga na nyufa zenye nyuki ziko wapi, spika ibaki garini. Wakitoka: funika uso kwa nguo, kimbia kurudi mlikotoka, usisimame kuwapigapiga, na ukishafika mbali kwangua miiba upesi kwa ukucha au kadi. Mambo mengine ni madogo. Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni unasafishwa kwa maji mengi kwa robo saa. Ule utando mweusi juu ya jabali unakuwa sabuni baada ya mvua za Desemba hadi Aprili, hivyo jabali lililolowa linaahirishwa. Kama kilima kiko ndani ya hifadhi ya msitu, kibali kinatoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu, na kinaombwa mapema, si asubuhi ya safari.

Ukiwaweka kando nyuki, makosa yote haya utaona yana sifa moja: yanatoa muda. Aliyechoka anakaa kivulini. Aliyeteguka anasubiri wenzake wamshike mabega. Na watu 40 wana mikono 80 ya kumbebea.

Mtera haina kivuli cha kukaa.

Bwawa hilo liko takribani katikati ya barabara ya Dodoma na Iringa, na lilijengwa kwenye mto Ruaha Mkuu ili kuhifadhi maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu. Baadaye likawekewa mitambo yake ya megawati 80. Ni ghala la maji, na ghala hujazwa na kupunguzwa. Kimo cha uso wa maji kwa kawaida kinacheza kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa sehemu kubwa ni maji mafupi, tofauti hiyo ya mita nane na nusu inausogeza ufuko mbali sana. Mahali mliposhushia kayaki, yaani mitumbwi myembamba ya kafi, Mei, Novemba panaweza kuwa tope la magotini na maji yakawa mbali huko. Visiki vya miti iliyozama vinakaribia uso wa maji, na kayaki za kujaza upepo, ambazo klabu huzipenda kwa kuwa zinaingia kwenye buti ya gari, huchanika hapo. Nyavu za makila zinategwa karibu na uso, na kafi likinasa upande mmoja mtu asiye na mazoezi anavuta kwa nguvu na kujipindua mwenyewe. Tena kuna viboko na mamba.

Wanaotaka milango wazi wana jibu ambalo si la kubeza: wavuvi wanaingia humo kila siku kwa mitumbwi ya mbao, hawana vyeti, na wanarudi. Kweli. Lakini mvuvi anajua visiki kwa majina, anajua viboko wamelala upande gani, na akiona upepo umebadilika hahitaji kuitisha kikao. Anachokijua amekikusanya miaka, na hakigawiki kwa abiria wa Kosta kwa maelezo ya dakika kumi ufukweni.

Upepo ndio kiini cha ubishi huu. Kiangazi, Juni hadi Oktoba, asubuhi maji yanalala kama kioo, na kuanzia kama saa 4 upepo unaamka. Juu ya maji mafupi mawimbi yanakuwa mafupi na yenye kusimama wima, mabaya zaidi kuliko urefu wake unavyoonyesha. Mwanafunzi anayekwenda kilometa 4 kwa saa kwenye utulivu hushuka hadi mbili au chini yake akipigana na upepo wa kilometa 25 kwa saa. Walitoka kwa nusu saa huku upepo ukiwasukuma mgongoni, wanafurahi. Kurudi ni saa nzima na mikono imeisha. Na upepo haupindui mmoja mmoja. Kilimani watu 40 hawateguki kwa dakika moja, lakini majini wanafunzi watatu wanaweza kupinduka kwa pigo moja la upepo, na viongozi ni wawili.

Tazama uokoaji wenyewe unavyokwenda, kwa kayaki ya kukaa ndani. Mwokoaji anashika omo, yaani ncha ya mbele, ya kayaki iliyopinduka, anaivuta juu ya yake hadi zikae kama herufi T, maji yanamwagika, anaigeuza, anaipanga ubavuni kwake, omo ya moja kwa tezi (ncha ya nyuma) ya nyingine, kisha anaikumbatia kwa uzito wake wote huku aliyeanguka akijirusha kifudifudi juu yake, anageuka, anakaa. Waliozoea wanamaliza ndani ya dakika mbili. Aliyeanguka mara ya kwanza maishani anafanya kinyume: anaiacha kayaki, anaachia kafi, anamrukia mwokoaji, na sasa wote wawili wako majini. Kayaki za kukaa juu, zenye matundu ya kutolea maji, zinapunguza kazi, maana unaigeuza tu na kupanda, na kwa klabu ndizo za kununua. Hata hizo zinataka mtu awe amejirusha juu yake angalau mara tano mahali salama.

Mahali salama si Mtera kwenye mamba. Ni bwawa la kuogelea la hoteli, Jumatano jioni. Kipimo si kikubwa: ogelea mita 50 bila kusimama, elea dakika tano, pinduka ukiwa umevaa jaketi okozi, rudi kwenye kayaki ndani ya dakika tatu. Asiyeweza, haingii bwawani Jumapili. Hapa ndipo kundi kubwa linapoonyesha udhaifu wake halisi, ambao ni kuona haya. Nani atamwambia mkuu wa idara, mbele ya vijana wa ofisini kwake, kwamba hakufaulu kuelea? Klabu isiyoweza kusema hivyo isinunue kayaki.

Jaketi nazo ziangaliwe. Zile nyembamba za nyutoni 50 (kipimo cha nguvu ya kumwelesha mtu) ni za anayejua kuogelea, hazimgeuzi mtu aliyezimia uso ukawa juu. Kwa wanafunzi chukua nyutoni 100. Lifungwe, kisha mwenzako alivute juu kwa mabega: likipita kidevu, ni kubwa. Lililokaa juani miaka na kusinyaa halibebi tena uzito lililoandikiwa. Fomu ya kusaini kwamba kila mtu anajibeba mwenyewe iwepo ukitaka, ila hospitali kubwa ni Dodoma au Iringa, kama saa mbili kila upande, na fomu haipunguzi hata kilometa moja.

Wapo wanaopendekeza bwawa la Hombolo, lililo karibu na mji na dogo. Kwa upepo ni afadhali. Kwa tope na kichocho, hapana. Maji yaliyotuama yenye konokono yana hatari popote katika kanda hii, na vimelea hutoka zaidi jua likiwa kali, kuanzia kama saa 4 hadi saa 8 mchana. Aliyelowa apime baada ya miezi miwili hadi mitatu hata kama haumwi. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na inafanya kazi.

Ukiviweka pamoja upepo, vimelea na viboko, dirisha la Mtera linakuwa jembamba. Kabla ya saa 1 na nusu asubuhi viboko wanaweza kuwa bado wanarudi majini kutoka malishoni. Kuanzia saa 4 upepo na vimelea. Zinabaki saa mbili na nusu. Zinatosha zamu mbili za saa moja, na kwa uwiano wa kiongozi mmoja kwa wanafunzi wanne, viongozi wawili wanachukua wanane kwa zamu. Kumi na sita kwa siku, ukiweka na boti la injini la mvuvi aliyelipwa kukaa karibu bila kutega siku hiyo. Nafasi hazizidi hapo hata orodha iwe na majina arobaini.

Ile hoja ya pesa inajibika bila kuongeza mtu majini. Kosta moja inaondoka Dodoma saa 10 alfajiri na watu 25: viongozi wawili, waliofaulu bwawa la hoteli kumi na sita, na saba ambao hawajafaulu au hawataki, wote kwa 12,000 ile ile. Hao saba wana matembezi yao ya kilometa chache ng'ambo ya barabara, mbali na matete, wakiongozwa na mwenyeji mliyepewa na uongozi wa mwalo wa wavuvi. Saa 4 kayaki zote ziko nchi kavu, zimegeuzwa chini-juu zikauke, na perege wa kukaanga wananunuliwa hapo hapo mwaloni, kwa wavuvi wale wale ambao nyavu zao hamkuzigusa.